Sili ya pampu ni mpya mbona inavuja? Maswali ninayoulizwa sana kuhusu uso wa sili

Nashinda na pampu kila siku hapa Mbeya, zinakuja za mpunga kutoka Mbarali, za kahawa kutoka Mbozi, za maziwa kutoka Rungwe, na za nyanya zinapanda basi kutoka Ilula kule Iringa. Malalamiko ni yaleyale, inavuja kwenye sili, kile kifaa kinachozuia maji yasitoke pale shafti inapoingia kwenye pampu. Uso wa sili ni ule upande wa pete zake unaokutana. Nimeona niandike hapa majibu ninayotoa kila siku, manake watu wanapoteza hela kwa kitu ambacho macho hayakioni.

Nimebadilisha sili jana tu, mpya kabisa kutoka kwenye boksi, mbona inavuja?

Mara nyingi sili yenyewe haina shida, shida ni ilivyofungwa. Mtu kashika ule uso kwa mkono wenye grisi na vumbi, au kaigonga kwa nyundo ikaingia imekaa upande, au slivu ya shafti (bomba fupi linalovalishwa shafti) ina mikwaruzo pale oringi, ile pete ya mpira, inapokaa kwa hiyo maji yanapita chini ya oringi wala hayapiti kwenye sili. Hilo la mwisho watu hawalifikirii kabisa. Wanabadilisha sili tatu wakati shafti ndo imekwaruzika! Sehemu ya oringi inatakiwa iwe laini, mparuzo wake, yaani kukwaruza kwa uso, usizidi kama 0.8 mikroni (mikroni naieleza hapo chini), na isiwe na mkwaruzo hata mmoja unaokatiza kutoka ndani kwenda nje.

Ila kama ni matone machache kwenye saa ya kwanza halafu yanakata, usiifungue. Zile nyuso mbili zinazoeana, vilele vidogo vinasagika, ikishakaa sawa inatulia yenyewe.

Kwani sili inazuiaje maji, si ni mpira?

Hapana, mpira ni msaidizi tu. Kazi yenyewe inafanywa na pete mbili ngumu, moja inazunguka na shafti, nyingine imekaa kwenye bodi ya pampu, springi inazikandamiza zikutane uso kwa uso. Kwenye pampu za kawaida za maji moja ni kaboni nyeusi nyingine ni seramiki nyeupe. Na hapa ndo penye siri ya jambo lote: zikiwa zinazunguka hazigusani kikavu, kati yake kunaingia utando wa maji mwembamba sana, kama mikroni moja hivi, wakati mwingine nusu, wakati mwingine mbili. Utando huo ndo grisi ya sili. Kwa hiyo kila sili inavuja, hamna sili isiyovuja, ila ikiwa nzima inavuja kidogo kiasi kwamba yale maji yanakauka kwa joto kabla hujayaona.

Mikroni moja ni nini? Na ikiwa tano badala ya moja kuna ubaya gani?

Mikroni ni milimita moja uigawe mara 1,000. Unywele wa kichwani ni kama mikroni 70.

Sasa ubaya wake, naomba hapa usome taratibu maana ukielewa hapa mengine yote yanakuwa mepesi. Maji yanayopita kwenye nafasi nyembamba hayaongezeki kwa hesabu ya kawaida, yanaongezeka kwa nafasi kuzidishwa yenyewe mara tatu. Nafasi ikiwa mara mbili, mvujo unakuwa mara 8. Ikiwa mara tano, mvujo ni mara 125.

Chukua sili ya pampu ndogo, uso una kipenyo cha milimita 30 na upana wa milimita 3, presha ya maji bar 3. Nafasi ya mikroni 1 inapitisha kama mililita 3 kwa saa, yaani tone moja kwa dakika, hilo linakauka hata hulioni. Mikroni 2 inakuwa mililita 23 kwa saa. Mikroni 5 ni kama mililita 350, hiyo ni kama chupa ndogo ya soda kila saa. Mikroni 10 unapata karibu lita 3 kwa saa, hapo chini ya pampu ni tope tupu. Na hizo mikroni 10 ukiziangalia kwa macho huoni kitu, sili inaonekana nzima kabisa!

Hesabu hiyohiyo inakuonyesha kwa nini pampu iliyokuwa inasukuma oili haivuji halafu ukiiweka maji inavuja. Oili ni nzito, inapita kwa shida, maji ni mepesi yanapenya. Nafasi ni ileile.

Kwa hiyo uso ukiwa laini kama kioo ndo hautavuja kabisa?

Watu wengi wanafikiri hivyo, hata mimi nilifikiri hivyo. Ukiwa laini sana ule utando wa maji unakosa pa kukaa, nyuso zinanatana, joto linapanda, kaboni inaanza kumomonyoka, na ikishamomonyoka nafasi inafunguka na mvujo unakuja mkubwa kuliko wa mwanzo. Vile vibonde vidogo kwenye uso vinashika maji kama visima. Kuna watafiti waliofanya makusudi kabisa, Izhak Etsion wa chuo cha Technion kule Israeli aliongoza kazi ya kutoboa vishimo vya mikroni chache kwenye uso wa sili kwa leza, na msuguano ukapungua.

Ukiwa na mparuzo mwingi nao, vibonde vinaungana kimoja na kingine mpaka vinatengeneza mfereji kutoka upande wa maji hadi upande wa hewa. Si kina cha kibonde kimoja kinachovujisha, ni kuungana kwao. Ni kama majaruba ya mpunga, maji yanakaa kwenye kila jaruba mpaka tuta likatwe, likikatwa yanashuka jaruba hadi jaruba. Springi ikikandamiza vizuri matuta yanabaki mazima.

Kwa hiyo kinachotafutwa ni kati na kati. Mara nyingi uso wa kaboni unakuwa na mparuzo wa kama 0.1 mpaka 0.2 mikroni, na ule mgumu chini ya 0.1.

Hiyo namba ya mparuzo inapimwaje? Naona kwenye karatasi wameandika Ra.

Kuna mashine ina sindano ya almasi, inaburuzwa taratibu juu ya uso, inapanda vilele na kushuka mabonde, halafu inatoa wastani wa umbali kutoka mstari wa kati. Wastani huo ndo Ra. Shida ya wastani ni kwamba inaficha. Uso unaweza kuwa na Ra nzuri kabisa lakini una mkwaruzo mmoja mrefu unaokatiza, na huo mmoja unatosha kukuvujishia. Ndo maana wengine wanaangalia Rz pia, hiyo inaangalia urefu kutoka kilele hadi bonde la chini. Mi sina hiyo mashine. Natumia jicho, tochi na uzoefu, na nikiona mashaka sirudishi uso wa zamani.

Kunyooka na ulaini si kitu kimoja?

Ni vitu viwili tofauti na hapa ndo hata mafundi wazuri wanachanganya. Uso unaweza kuwa laini unang'aa lakini umepinda kama sahani. Ukiweka pete mbili zilizopinda hivyo zinagusana pembeni tu, katikati kuna nafasi, na umeshaona nafasi ya mikroni 5 inafanya nini.

Kunyooka kunapimwa kwa kioo maalumu kilichonyooshwa sana kinachowekwa juu ya uso wa sili, chini ya taa ya rangi moja, ile ya heliamu ya njano. Unaona mistari myeusi na ya njano imepangana. Mistari ikiwa imenyooka na nafasi sawa, uso umenyooka, ikijikunja kama upinde, uso umepinda, na kila mstari mmoja wa kujikunja ni 0.29 mikroni. Sili za pampu za kawaida zinatakiwa zisizidi mistari miwili au mitatu. Nilipoiona mara ya kwanza sikuamini, kipande cha kaboni nilichokuwa nakiita kizima kilikuwa na miduara kama jiwe limetupwa kwenye bwawa. Tochi ya simu haiwezi kukuonyesha hilo, taa yake ina rangi zote zimechanganyika.

Naweza kupiga msasa sili iliyokwaruzika niirudishe?

Nakujibu kwa kilichonikuta. Miaka ya mwanzo wa kazi mzee mmoja wa Ubaruku aliniletea pampu ya petroli ya inchi tatu, sili ina mduara wa mikwaruzo kwenye seramiki. Spea haikuwepo siku ile na yeye maji ya mpunga yanamsubiri. Nikachukua msasa namba 1200, nikauweka juu ya kioo cha dirisha, nikasugua kwa mwendo wa nane mpaka ikang'aa, nikafurahi kabisa. Siku ya tatu simu inaita, "Kijana wangu, pampu imeanza kulia maji tena, na sasa ni zaidi ya mwanzo." Nikapanda gari nikaenda. Kufungua, kaboni imeliwa upande mmoja, na kwenye kaboni kuna chembe za msasa zimejichomeka ndani zinameta ukigeuza kwenye jua. Zile chembe ndo zilikuwa zinakata seramiki kila mzunguko. Nikamnunulia sili mpya kwa hela yangu, maana kosa lilikuwa langu.

Kioo cha dirisha kinaonekana kimenyooka lakini si kwa kipimo cha mikroni, na mkono wako unakandamiza zaidi upande mmoja bila kujua. Wanaorudisha nyuso kweli wanatumia sahani ya chuma iliyonyooshwa, pesti ya almasi, halafu wanaosha kila chembe na kupima kwa ile taa. Kwa sili ndogo ya bei ya chini haifai hata kufikiria, nunua nyingine. Kwa sili kubwa ya kiwandani inalipa kupeleka kwa wenye vifaa.

Naruhusiwa kuugusa uso kwa kidole?

Usiuguse. Ukishaugusa futa kwa spiriti na kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Tambara la gereji ndo adui namba moja.

Mikwaruzo yote ni mibaya sawasawa?

Hapana, na hii ukiijua unaokoa hela. Mkwaruzo unaozunguka kufuata duara la sili si hatari sana kwa kuvuja, maji yakiingia humo yanazunguka tu hayana njia ya kutoka. Mkwaruzo unaokatiza kutoka kingo ya ndani hadi ya nje, huo ni bomba. Hata uwe mwembamba kama uzi wa buibui.

Mwaka 1978 Patir na Cheng walitoa njia ya kupiga hesabu ya jinsi mwelekeo wa mikwaruzo unavyosaidia au kuzuia maji kupita kati ya nyuso mbili, na mpaka leo wahandisi wanaitumia. Sisi gereji tunaifanya kwa macho: shika pete, washa tochi, ilaze mwanga ukute uso kwa pembeni kabisa karibu ulale, halafu zungusha pete taratibu. Mkwaruzo unaokatiza utang'aa mara moja ukipita kwenye mwanga halafu unapotea. Ukiona hata mmoja, hiyo pete weka pembeni.

Angalia pia ile njia ambayo kaboni imeichonga kwenye seramiki kwa kuzunguka. Ikiwa na upana sawa na uso mwembamba wa kaboni, vizuri. Ikiwa pana kuliko uso, shafti inacheza, beringi zimekwisha, hata uweke sili ya dhahabu itavuja.

Nipo Mbarali, maji ya mfereji yana mchanga. Nifanyeje?

Cha kwanza jua kwamba punje kubwa ya mchanga haiingii kwenye nafasi ya mikroni moja, haitoshi. Kinachoingia ni tope laini kabisa, lile linalofanya maji yawe rangi ya chai ya maziwa, na linaingia zaidi pampu ikitetemeka kwa sababu kila mtetemo unafungua nyuso kidogo. Likishaingia linajichomeka kwenye kaboni maana kaboni ni laini, na kuanzia hapo kaboni inageuka msasa, inachonga seramiki. Ndo maana unakuta kitu kigumu cheupe kimeliwa, ila kile laini cheusi kipo, watu wanashangaa.

Kama hela inaruhusu omba sili ambayo pete zote mbili ni silikoni kabaidi, ngumu kwa ngumu, tope halipati pa kujichomeka. Ila hiyo haina huruma ukiiendesha kavu hata kwa muda mfupi, kaboni inavumilia kidogo, hii inapasuka. Na kabla ya yote inua ule mpira wa kunyonyea usilale chini ya mfereji, fungia ndoo yenye matundu au chekecheke. Hilo ni la bure na linasaidia kuliko sili yoyote nitakayokuuzia.

Pampu ikisimama inavuja, ikiwaka haivuji. Na ya jirani ni kinyume. Kwa nini?

Ikisimama, kinachozuia ni springi kukandamiza vilele na kufunga mifereji. Kama inavuja hapo, springi imechoka au imejaa uchafu, au kuna mkwaruzo wa kukatiza, au ni ile oringi. Ikiwaka joto na mzunguko vinaipanga upya ndo maana inakata.

Ya jirani inavuja ikiwaka: hapo angalia mtetemo, shafti iliyopinda, kapulingi (kiungo cha shafti na injini au mota) haijakaa sawa. Au joto. Uso ukipata joto upande mmoja unajikunja mikroni moja au mbili, na mikroni mbili si kidogo kama tulivyoona.

Mwinuko wa Mbeya una uhusiano wowote na sili?

Upo, na sijaona watu wanaouongelea. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na hewa inayosukuma maji kupanda kwenye mpira wa kunyonyea ina nguvu ya kama mita 8.4 za maji, wakati Dar ni mita 10.3. Kwa hiyo pampu iliyokuwa inanyonya vizuri Dar ukiileta huku ukaiweka juu ya mto kwa kimo kilekile, inaanza kukosa maji, inatoa sauti kama inatafuna kokoto, inatetemeka, na ule utando kati ya nyuso unageuka mvuke kwa urahisi zaidi. Utando ukigeuka mvuke nyuso zinasuguana kavu. Mtu anakuja na sili ina nyufa ndogo kama udongo wa jaruba lililokauka, anasema kauziwa feki. Inawezekana ni feki, lakini muulize kwanza pampu ipo mita ngapi juu ya maji. Ishushe, fupisha mpira, na jaza maji ndani kabla ya kuwasha. Kila siku jaza!

Pampu ya maziwa au ya kahawa je?

Maziwa yakipenya kwenye zile nyuso yanakauka na kuganda, asubuhi ukiwasha zinang'oana na kipande cha kaboni kinabaki upande wa pili. Ute wa kahawa unafanya vilevile. Ukimaliza kazi pitisha maji safi mpaka yatoke safi bila rangi, usiache mpaka kesho.

Sili ya mafuta ya pawatila, ile ya mpira, nayo inataka shafti laini?

Hii ni ya aina nyingine, ni mdomo wa mpira unaokaa juu ya shafti. Hapa mparuzo wa shafti unatakiwa uwe kati ya 0.2 na 0.8 mikroni. Chini ya hapo mafuta hayapati pa kushika, mdomo unaungua na kuwa mgumu kama plastiki. Juu ya hapo shafti inakuwa tupa, inaula mdomo.

Kubwa zaidi ni mistari ya kukereza. Fundi akikereza shafti halafu akapitisha msasa huku mkono unatembea kutoka kulia kwenda kushoto, anaacha mistari ya kuzunguka kama nyuzi za skrubu, na shafti ikizunguka ile mistari inasukuma mafuta nje kabisa kama pampu. Sili mpya, shafti inang'aa, mafuta yanatiririka. Kujua, paka shafti oili nyepesi, ning'iniza uzi wenye kauzito kadogo juu yake, hakikisha shafti imelala sawa, izungushe taratibu. Uzi ukitembea upande mmoja, na ukigeuza mzunguko ukatembea upande wa pili, mistari ipo. Irudishwe kwenye mashine ya kusaga ambayo jiwe linaingia moja kwa moja bila kutembea pembeni.

Na kama mdomo wa zamani umeshachonga mfereji, usiweke sili mpya palepale. Isogeze milimita mbili kama kuna nafasi, au valisha slivu nyembamba.

Matone mangapi ni ya kawaida?

Pampu ya maji ya kawaida ikishazoea, chini yake pawe pakavu, au unyevu tu. Tone la hapa na pale ukiwa na mpunga shambani usisimamishe kazi, lakini anza kutafuta spea. Likiwa tone kila sekunde chache, zima, maana maji hayo yanaenda kwenye beringi, na beringi ikifa shafti inaondoka nayo. Pampu za paking ya kamba, zinazozibwa kwa kamba iliyokandamizwa kuzunguka shafti badala ya sili, ni tofauti, zile lazima zidondoshe, ukizikaza mpaka zikauke zinachoma shafti.

Nikague nini kabla sijakuletea?

Angalia maji yanatokea wapi hasa, kati ya nyuso au kando ya shafti, paka chaki pale uone panapolowa kwanza. Shika shafti itikise juu chini, ikicheza ni beringi. Na ukifungua usitupe sili ya zamani wala usiisafishe, niletee ilivyo imefungwa kwenye karatasi. Uchafu uliopo juu yake na ile njia iliyochongwa ndo vinaniambia kilichotokea.